Nyota Ikizeeka, Tega Sikio

Pwani yetu ina pepo mbili kuu, na kila upepo una nyota yake nyekundu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ukitoka uani baada ya sala ya isha utaiona moja karibu na zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Desemba huwa chini upande wa mashariki, na ifikapo Februari huwa karibu na utosi. Wazungu huiita Betelgeuse, jina walilolitwaa kwa Waarabu kisha wakalikosea walipokuwa wakilinakili. Kusi ikishika, nyota hiyo huzama, na badala yake hutokea nyingine nyekundu katikati ya kundi la Nge. Hiyo ndiyo Antares. Mbili hizi hazipatani: moja ikiingia ndani, ndipo nyingine hutoka, kama wake wenza waliokosana.

Sisi wa mjini tumezizoea nyota hizi kama tunavyowazoea wazee wa barazani. Twapita, twatoa salamu, twaenda zetu. Ni wachache wanaoketi kuwasikiliza. Leo, msomaji mpenzi, naomba tuketi kidogo. Nyota nyekundu za namna hii ni wazee kweli kweli, na baadhi yao wana tabia moja ya ajabu: wanapokaribia kufa ndipo sauti yao husikika.

MASWALI YA AMI

Ami yangu alivua samaki Mambrui kwa zaidi ya miaka arubaini. Mwisho wa mwaka 2019 jicho lake la kushoto lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linaanza kuingia ukungu. Likizo ile ya Desemba tulikuwa kwake pamoja na dada yangu, mumewe na binti yao, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha pili. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mtoto huyo amekuwa akinihoji tangu alipokuwa akipanda mabegani mwangu.

Usiku mmoja alisimama uani akatazama juu muda mrefu.

"Babu," akasema, "ile nyota nyekundu imepungua."

"Mjukuu wangu," Ami akajibu, "mimi hata taa ya jikoni imepungua. Sijui ni taa au ni mimi."

Tulicheka, lakini mtoto alikuwa amesema kweli. Betelgeuse ilikuwa imeanza kufifia miezi michache tu kabla ya hapo, na kufikia Februari 2020 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya mwangaza wake wa kawaida. Wataalamu ulimwenguni kote waliielekezea darubini zao. Wapo waliodhani inakaribia kulipuka.

Ami aliniuliza maswali mawili usiku ule. La kwanza: je, nyota nayo huumwa? La pili alikuwa nalo kifuani karibu miaka hamsini.

"Mwaka ule wa sabini," alisema, "tulikuwa baharini na vyombo vyetu, tukaona roketi ya Wataliani inapanda kutoka Ngomeni na moshi nyuma yake. Baadaye nikasikia kile kilichobebwa kimeitwa Uhuru. Basi niambie wewe uliyesoma, kilikwenda kufanya nini huko?"

Mpwa wangu naye alikuwa na swali lake, ila hakulisema. Januari alitakiwa kuchagua masomo ya kidato cha tatu. Baba yake alikuwa ameshaamua: aache fizikia, achukue somo la biashara, apate kazi hotelini. "Fizikia haichemshi chungu," ndivyo alivyosema shemeji yangu, na katika mji wa hoteli kama Malindi maneno hayo si ya kudharau.

Niliwaambia kwamba maswali yao yana jibu moja, ila ni refu. Ami akaagiza kahawa.

MZEE ALIYEJIFUNIKA SHUKA

Rangi ya nyota ni habari ya joto lake. Mhunzi akitia chuma motoni, kwanza huwa chekundu, kisha cha manjano, kisha cheupe. Chekundu ndicho chenye joto la chini. Uso wa jua letu una joto la nyuzi kama 5,500. Uso wa Betelgeuse una nyuzi kama 3,300 tu.

Mbona basi inang'ara hivyo kutoka mbali? Ni kwa sababu ya ukubwa wake. Nyota hizi zilizaliwa zikiwa nzito kuliko jua mara kumi, ishirini au hata zaidi. Nyota nzito ni kama tajiri mbadhirifu: mali anayo nyingi, lakini huimaliza upesi. Jua litaishi kwa jumla miaka kama bilioni kumi, ilhali nyota hizi huishi miaka milioni chache, au makumi machache ya milioni. Zikikaribia mwisho huvimba. Lau Betelgeuse ingewekwa mahali pa jua, Dunia yetu ingekuwa ndani ya tumbo lake. Iko nyingine iitwayo VY Canis Majoris, ambayo ingemeza hata Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Jina lake ni refu, kwa hiyo tuiite VY.

Nyota iliyovimba hivyo haiwezi kujishika. Ngozi yake iko mbali mno na kitovu, mvutano wa kuirudisha ni hafifu, nayo huvuja upepo wa gesi usiku na mchana. Gesi hiyo ikipoa hugeuka vumbi, kama moshi unavyogeuka masizi chini ya sufuria. Ndilo lililoipata Betelgeuse. Ilitapika fundo la gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, na vumbi likatuzibia mwanga. Nikamwambia Ami kwamba nyota ile haikuwa imezimika, bali ilikuwa imejifunika shuka.

"Kama jicho langu," akasema.

"Kama jicho lako, Ami."

VY imejifunika zaidi. Mfaransa Lalande aliiandika katika orodha yake ya nyota mwaka 1801, na katika karne iliyofuata ikazidi kufifia. Mwaka 2021 Roberta Humphreys wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake, wakitumia darubini ya Hubble, walionyesha kwamba mafundo ya gesi yaliyo karibu nayo yalitapikwa nyakati zilezile ambazo watu wa zamani waliandika kuwa nyota imepungua. Leo bila darubini hutaiona kabisa, na hata darubini ya kawaida hupambana na vumbi.

Nyota iliyojifunika hivi utaijuaje basi? Hapo ndipo macho yanapokoma na masikio yanapoanza.

KILA MOLEKULI NA STESHENI YAKE

Nasema sauti na masikio kwa mfano tu. Angani hakuna hewa ya kubeba sauti. Kinachotufikia ni mawimbi ya redio, ndugu wa yale yanayoleta taarifa ya habari nyumbani kwako, nayo vumbi haliyazuii.

Kila msomaji amewahi kutafuta stesheni kwenye redio. Stesheni za FM hukaa kati ya megahezi 88 na 108. Molekuli nazo zina stesheni zao, nazo hazihami. Mvuke wa maji hutangaza kwenye megahezi 22,235. Hidroksili, yaani oksijeni moja iliyoshikana na haidrojeni moja, ina stesheni kadhaa, mojawapo ikiwa 1,612. Moksidi ya silikoni, yaani silikoni moja na oksijeni moja, husikika karibu na 43,000. Ukielekeza sahani juu, ukafungulia mtambo kwenye namba hizo ukapata mlio, umeshamjua msemaji kabla hajajitambulisha.

Mwaka 1954 Charles Townes na wenzake katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitengeneza chombo cha kukuza mawimbi kwa kutumia gesi ya amonia. Wakakiita meiza. Huyo ndiye dada mkubwa wa leza, ile nuru nyekundu inayosoma bei ya bidhaa kwenye kaunta ya supamaketi. Townes alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1964 pamoja na Warusi wawili, Basov na Prokhorov, na watu wakadhani meiza ni kazi ya mikono ya binadamu peke yake. Mwaka 1965, huko California, wataalamu wakanasa kutoka angani mawimbi ya hidroksili yenye nguvu isiyoelezeka. Kwa kukosa jina la mwenyewe, walimpa jina la fumbo tu. Kumbe anga ilikuwa ikitengeneza meiza zake tangu zamani, hata kabla ya binadamu kuwako! Mwishoni mwa 1968 Townes mwenyewe, akiwa sasa na kundi la Berkeley, alielekeza antena ya Hat Creek juu wakakuta mvuke wa maji. Haukupita muda VY nayo ikasikika, kwa hidroksili na kwa maji.

Meiza hufanyaje kazi? Fikiria maulidi. Watu wameketi safu kwa safu, wamejaa hamu, wanangoja. Msomaji mmoja akianza, safu ya kwanza humpokea kwa sauti ileile, ya pili huipokea ya kwanza, na kufikia mwisho wa ukumbi sauti ya mtu mmoja imekuwa ngurumo. Molekuli zinazoizunguka nyota hupata nguvu kutokana na joto lake na kutokana na kugongana, zikabaki zimeishikilia. Wimbi dogo la stesheni yao likipita, kila molekuli huachia nguvu yake kwa mdundo uleule. Wimbi huingia mnong'ono, hutoka kishindo. Lakini molekuli hizo hazina budi kwenda kwa mwendo mmoja, kama vile safu ya maulidi inavyoyumba pamoja. Kila mmoja akienda kwa mbio zake, kuitikiana kunaharibika.

Si kila mzee ana sauti hii. Betelgeuse, pamoja na umaarufu wake wote, haimo katika orodha ya nyota zenye meiza kubwa za maji na hidroksili; upepo wake ni mwepesi. Wanaosikika sana ni wale wanaomwaga mali yao kwa wingi, kama VY, S Persei, VX Sagittarii na NML Cygni. Waswahili husema debe tupu haliachi kuvuma. Angani mambo ni kinyume: anayevuma ni aliyejaa, naye yumo katika kumimina.

KUTOKA MLANGONI HADI UKINGONI

Kila sauti kati ya hizi ina mahali pake. Moksidi ya silikoni husikika karibu kabisa na uso wa nyota, penye joto. Mvuke wa maji husikika mbali zaidi kidogo, ndani ya upepo. Hidroksili husikika zaidi kule nje, ambako mwanga mkali wa nyota nyingine huyavunja maji na kuacha kipande. Hivyo kwa stesheni tatu tu mtaalamu hutoka mlangoni kwa nyota hadi ukingoni mwa ua wake, hatua kwa hatua, bila kuiona.

Kasi nayo hupimika. King'ora cha ambulensi katika barabara ya Mombasa huwa na mlio mwembamba gari linapokujia, kisha mnene linapokwisha kukupita. Stesheni za meiza nazo husogea vivyo hivyo. Gesi iliyo upande wetu wa nyota hutujia, iliyo upande wa pili hutukimbia, kwa hiyo hidroksili ya nyota moja husikika kwa milio miwili, mmoja juu ya namba yake na mwingine chini. Pima nafasi iliyo kati ya milio hiyo, igawe kwa mbili, nawe umepata kasi ya upepo. Upepo wa VY huenda zaidi ya kilomita 30 kila sekunde. Ungeudandia hapa Malindi, ungefika Kilifi kabla hujamaliza kusema bismillahi.

Hapo Ami alinikatiza. "Na umbali je? Mimi tangu jicho hili lizibe, hata kikombe cha kahawa nakikosa mkononi. Jicho moja halijui umbali."

Nilifurahi mno, maana alikuwa ameligusa jambo lenyewe. Jaribu hapo ulipo, msomaji. Nyosha kidole mbele yako, funga jicho moja, kisha fungua hilo na ufunge la pili. Kidole kinaruka. Kuruka huko ndiko kunakoiambia akili kidole kiko umbali gani. Dunia nayo ina macho mawili. Januari iko upande mmoja wa jua, Julai iko upande wa pili, na kati ya mahali hapo pawili pana kilomita kama milioni 300. Kitu kilichoko mbali, kikitazamwa kutoka pande hizo mbili, huonekana kuruka kiasi kidogo sana.

Wajapani wana mtandao wa sahani nne uitwao VERA, zilizotawanywa visiwani mwao, ambazo huunganishwa zikawa kama sahani moja kubwa. Ili ziende sambamba zinahitaji saa zisizokosea, na saa zinazotumika katika kazi hii ni meiza za haidrojeni, kwa hiyo meiza husikilizwa kwa meiza. Kwa mtandao huo walizifuata meiza za maji za VY, na mwaka 2008 wakatangaza umbali wake: miaka ya nuru kama 3,700. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakikadiria kama 5,000. Kosa la umbali huzaa kosa la ukubwa, kwa sababu taa ya karibu haihitaji kuwa kubwa ili ionekane kali. VY ilipovutwa karibu ikabidi ipunguzwe pia, ingawa hata baada ya kupunguzwa bado ni jitu.

MIRATHI NA MAKABURI

Upepo ule haupotei bure. Ndani yake mna oksijeni, kaboni, silikoni na vumbi. Sehemu ya mali hiyo nyota iliirithi kwa nyota zilizotangulia, na sehemu nyingine iliipika yenyewe. Silikoni na oksijeni zikishikana ndizo zinazofanya zile chembe ngumu zinazometameta katika mchanga unaoletwa na Mto Sabaki hadi ufuoni mwa Malindi. Silikoni ya mchanga wetu haikutoka VY, kwa sababu VY ni changa kuliko Dunia. Ilitoka kwa nyota nyingine zilizoishi na kufa kabla jua letu halijawaka. Lakini tukiisikiliza VY leo, twasikia jinsi mirathi yetu ilivyogawanywa wakati ule.

Nyota nzito hufa kwa kulipuka. Ikishalipuka, mara nyingi huacha kaburi. Huenda likawa nyota ya nyutroni, yaani uzito unaozidi ule wa jua zima uliobanwa ukawa na upana wa kilomita kama 20. Huenda likawa shimo jeusi, ambamo hata nuru haitoki. Katika kaburi hakuna tena mvuke wa kuimba. Hata hivyo, kaburi likiwa na nyota jirani, huipokonya gesi yake. Gesi hiyo ikianguka hupata joto la mamilioni ya nyuzi, ikatoa eksirei kama zile za hospitalini. Hewa ya Dunia huzizuia eksirei hizo zisitufikie. Anayetaka kuyaona makaburi hayo hana budi kupeleka chombo juu ya hewa.

"Ami," nikamwambia, "hilo ndilo lililokwenda kufanywa na kile ulichokiona."

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Wataliani kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo wa NASA, ndiye aliyependekeza iitwe Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Mahali pale palifaa kwa sababu pako karibu na ikweta: mzunguko wa Dunia huisukuma roketi, na njia ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe zinazovuruga vipimo. Kabla ya Uhuru, vyanzo vya eksirei vilivyojulikana vilihesabika kwa makumi. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Ilionyesha kwamba Centaurus X-3 na Hercules X-1 ni nyota za nyutroni zinazokula jirani zao, na ikawaelekeza wataalamu kwenye Cygnus X-1, shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wengi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Ami alinyamaza muda. Kisha akasema, "Kwa hiyo sisi tulikiona chombo kikienda makaburini."

"Naam. Na sahani za redio zawasikiliza wazee kabla hawajazikwa."

JE, FIZIKIA HAICHEMSHI CHUNGU?

Shemeji yangu alikuwa ameketi mlangoni muda wote. Si mtu wa mabishano. Aliuliza swali la haki: "Haya yote yatampa mtoto wangu kazi gani?"

Swali hilo wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wanalo, nami sikulijibu kwa maneno matamu. Kuna watu wachache mno duniani wanaolipwa kwa kusikiliza nyota. Lakini mtambo unaonasa mnong'ono wa VY ni wa ukoo mmoja na mtambo wa simu yako ya mkononi. Anayejua kuuchuja mlio kutoka kwenye kelele, kuoanisha saa, kutunza antena na kuandika programu ya kompyuta, hakosi mahali pa kwenda. Na njia yaweza pia kurudi nyuma, mtambo wa simu ukageuzwa kuwa sikio la angani. Karibu na Accra, katika kijiji cha Kuntunse, Waghana waliichukua sahani ya mita 32 iliyokuwa ya mawasiliano ya simu wakaigeuza darubini ya redio. Mwaka 2017 ilinasa meiza ya methanoli, ambayo ni sauti ya mahali nyota nzito zinapozaliwa. Afrika Kusini nayo ina sahani ya Hartebeesthoek, iliyojengwa mwaka 1961 kwa ajili ya vyombo vya NASA, ikaingia katika kazi ya nyota mwaka 1975. Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zilizoungana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini ya SKA, na kituo cha Longonot, kilichojengwa kwa ajili ya simu za ng'ambo, kikatajwa katika mpango wa kugeuza sahani za namna hiyo.

Pwani yetu yenyewe haifai kwa kila kitu, na ni vizuri kulisema hilo. Hewa ya Malindi ina unyevu mwingi, na mvuke wa hapa chini hutangaza kwenye stesheni ileile ya mvuke wa angani, ukaifunika. Wenye dishi la televisheni mnajua mvua kubwa inavyokata picha. Hidroksili haina taabu hiyo. Mawimbi yake hupenya mawingu. Adui yake ni kelele zetu wenyewe. Setilaiti za Urusi za kuongozea njia ziliwahi kuivuruga stesheni ya 1,612, hata mwaka 1993 ikabidi pafanywe makubaliano ya kuyahamisha masafa yao polepole.

Ngomeni nayo ilirusha setilaiti tisa kwa jumla, ya kwanza mwaka 1967 na ya mwisho mwaka 1988. Antena zake zimeendelea kuzifuatilia setilaiti. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia ulitiwa saini mwaka 2016, Shirika la Anga za Juu la Kenya likaundwa mwaka 2017, na Aprili 2023 setilaiti yetu Taifa-1 ikarushwa, ingawa kutoka Marekani. Kazi zipo na zitaendelea kuwapo. Zitashikwa na watoto wa nani, hilo huamuliwa mapema, siku kijana wa miaka kumi na tano anapojaza fomu ya masomo.

Shemeji hakujibu kitu. Januari 2020 mpwa wangu alichukua fizikia, na biashara pia, kwa sharti la baba yake kwamba asianguke hata moja.

Miezi miwili baadaye shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona. Mtoto alirudi Mambrui akakaa na Ami, ambaye upasuaji wa jicho lake ulikuwa umeahirishwa. Huko nyuma mtoto wa umri ule angeona ni kifungo. Yeye alinunua daftari. Kila jioni alimuuliza Babu: kilimia kikizama, wavuvi walitazamia nini? Nyota ipi iliwaonyesha mlango wa mwamba usiku usio na mwezi? Kaskazi ikichelewa walijuaje? Ami, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mambo hayo kwa mfululizo, alijibu hadi usingizi ukamshika. Alifariki mwaka 2022, mwaka uleule mjukuu alioingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa mawasiliano. Daftari limejaa kurasa zote mbili mbili, na kuna mambo humo ambayo hayamo katika kitabu chochote nilichopata kukisoma.

Ndiyo maana nawaandikia wazazi na wanafunzi Jumapili ya leo. Nyota kubwa haiachi mirathi yake siku ya kulipuka peke yake. Huanza kuigawa mapema, kidogo kidogo, na muda huo wa kugawa ndio muda wa kuisikiliza. Mzee wa nyumbani kwako naye ni hivyo hivyo. Vumbi likishatanda, utabaki na kaburi, na kaburi lina mengi ya kufundisha, lakini haliulizwi likajibu.

Ukipata usiku wa Februari usio na mawingu, toka nje na mtoto wako. Itafuteni Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote za usiku. Sogezeni macho kidogo kusini-mashariki yake. Hapo ndipo ilipo VY. Hamtaiona, na wala msisikitike. Hata wale walioujua umbali wake waliuliza kwanza ni stesheni gani, kisha wakanyamaza wakasikiliza.